Majani ya springi ya nyongeza na breki za Hilux: kabla hujashuka Kitonga na nyanya

Swali: "Mhandisi, habari za kazi. Nina Hilux dabo kebini ya mwaka 2009, dizeli, 4x4, breki za nyuma ni za dramu na gari halina ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge). Nalima nyanya Ilula na mzigo napeleka Morogoro mwenyewe. Nikipakia makreti 30, kila moja kama kilo 45, mkia unakaa chini na taa zinamulika juu ya miti. Fundi wa hapa anataka kuniongezea majani mawili ya springi yaliyotoka kwenye Canter. Amesema pia kwamba ile fimbo iliyoshikana na ekseli ya nyuma ataifunga juu kwa waya ili breki za nyuma ziwe kali muda wote, maana wenzangu walioongeza springi wanalalamika kwamba pedi za mbele zinaisha haraka. Kazi nyingi za gari hili nafanya mwenyewe: oili, filta, pedi, hata beringi za mbele. Hii ya springi naweza kuifanya nyumbani? Na je, majani hayo yatanifikisha tani moja na nusu?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili, lakini zito ni lile ulilolitaja kwa kupita: fimbo. Nikujibu kwanza kwa kifupi ili usisubiri. Kufunga springi unaweza kuifanya nyumbani ukiwa na vifaa vinavyostahili. Majani ya Canter hayatalifanya gari lako libebe tani moja na nusu. Yatakuficha tu usione kwamba umezidisha. Na fimbo hiyo isifungwe waya kwa namna yoyote, hasa kwa mtu ambaye njia yake ya sokoni inapita mteremko mrefu wa Kitonga.

Tuanze na hesabu ya mzigo. Makreti 30 kwa kilo 45 ni kilo 1,350. Ongeza wewe na vijana wawili wa kupakua, ongeza bampa ya chuma kama umeweka, turubai, kamba na boksi la spana, unafika tani moja na nusu na kitu. Fungua mlango wa dereva utazame kibati kilichopo kwenye nguzo ya mlango. Kama kibati hakipo, kitabu cha gari kinaonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba, watu wakiwemo. Kwa dabo kebini nyingi za kizazi hicho, jibu linaangukia kati ya kilo 800 na tani 1. Kwa hiyo mkia kukaa chini si ugonjwa wa springi peke yake. Gari linakuambia ukweli.

Najua wengi hujifariji kwamba mizani ya barabarani haijawahi kuwasimamisha. Mizani ile imewekwa kwa ajili ya magari yanayozidi tani 3 na nusu, na pikapu yako inapita pembeni. Maana yake ni kwamba hakuna atakayekupimia, na kazi hiyo ni yako. Tafuta mizani ya magari kwa wanunuzi wa mazao au kwenye kiwanda, lipa kidogo, pima gari likiwa limepakia kama kawaida yako. Pima mara mbili: magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Namba hizo mbili zitakufundisha zaidi ya maneno yangu yote.

Sasa, kwa nini springi ngumu haiongezi uwezo? Uzito wa nyanya unashuka kwenye bodi, unaingia kwenye chesisi, kutoka chesisi unapita kwenye springi, kisha ekseli, beringi, rimu, na mwisho tairi. Springi ni kituo kimoja tu katika njia hiyo. Ukiikaza, gari linasimama sawa, linapendeza machoni, lakini ekseli bado inabeba uzito uleule, na beringi, na tairi. Sili ya ekseli ikichoka, oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) inavuja kwenye dramu na kulowesha breki shuu. Chesisi nayo ina lake. Kwenye dabo kebini, kabati la abiria limekula nafasi, hivyo katikati ya bodi iko nyuma kidogo ya ekseli. Mzigo ukirundikwa huko unafanya kazi kama mtoto mnene kwenye ncha ya pembea: nyuma inashuka, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na chesisi inapinda kati ya kabati na ekseli. Barabara ya mashimo huifanya ipinde na kunyooka mara nyingi sana kwa safari moja, na chuma kinachopindwa hivyo mwishowe hupasuka.

Hilo la kupasuka unaweza kulikagua mwenyewe leo. Osha chesisi kuanzia nyuma ya kabati hadi pale springi ya nyuma inaposhikwa kwa mbele, iache ikauke, kisha tazama kwa tochi ukiimulika kwa upande. Unatafuta mstari mwembamba wa rangi ya kutu unaotokea kwenye tundu la bolti au kwenye ukingo wa welding. Rangi inaweza kuwa nzima pande zote mbili, na kati yake pana uzi mwekundu usio na upana hata wa unywele. Ukiuona, acha kupakia. Usikubali mtu apige welding juu yake palepale na kukuambia nenda. Kuna namna ya kuikarabati chesisi, lakini ni kazi ya fundi anayejua kukata, kutoboa ncha ya ufa na kuweka kiraka chenye umbo sahihi.

Kuhusu majani ya Canter. Ugumu wa jani moja la springi haupandi sambamba na unene wake. Unapanda kwa unene kujizidisha mara tatu. Jani lenye unene mara mbili lina ugumu mara nane, urefu na upana vikiwa sawa. Chukua kalipa, pima majani yako, kisha pima hayo ya fundi. Tuseme yako yana milimita 7 na ya Canter yana 12: jani moja tu la Canter lina ugumu wa karibu majani matano ya kwako. Ukiweka mawili, umefunga kitu ambacho hakifanani tena na springi ya Hilux. Likiwa tupu gari litarukaruka, magurudumu ya nyuma yatakuwa yanaachia ardhi kwenye matuta, na kwenye kona yenye vumbi mkia utakwenda unakotaka. Zaidi ya hapo, mkunjo wa jani la Canter haulingani na wa majani yako, hivyo haligusani nayo vizuri. Linabana sehemu moja, na hapo ndipo jani lako la juu litakapokatikia. Na kama atalikata au kulipinda kwa moto wa gesi ili lilingane, joto litakuwa limeondoa ule ukakamavu chuma kilioupata kiwandani. Litakaa sawa wiki chache, kisha litalala au litavunjika.

Tufike kwenye fimbo.

Lala chini ya gari, nyuma, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare. Utaona kwenye chesisi, juu ya ekseli, kuna vali ya chuma yenye bomba za breki zinazoingia na kutoka, na mkono unaounganishwa kwa fimbo na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, nyuma ni nyepesi na magurudumu yake hujifunga kirahisi ukikanyaga breki, kwa hiyo vali inapunguza nguvu ya breki inayokwenda nyuma. Ukipakia, chesisi inashuka kuelekea ekseli, fimbo inasukuma mkono, vali inafunguka, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi kwa sababu sasa kuna uzito wa kuzikandamiza tairi chini. Ni kifaa rahisi kisicho na waya wala kompyuta, nami nakiheshimu sana.

Vali hii haijui uzito. Inachojua ni umbali kati ya chesisi na ekseli. Ukiongeza majani magumu, mkia hautashuka tena hata ukipakia kilo 1,350, na vali itaamini kwamba gari ni tupu. Itazinyima breki za nyuma nguvu wakati ambapo unazihitaji kuliko wakati wowote. Kazi yote inaangukia breki za mbele. Hiyo ndiyo sababu pedi za wenzako zinaisha haraka. Pedi hazikuwa feki na masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, haikuchoka. Springi ziliidanganya vali.

Fundi wako ameliona tatizo, na hapo nampa haki yake, lakini dawa yake inazaa ugonjwa mwingine. Ukifunga mkono kwa waya ubaki wazi, breki za nyuma zitapata nguvu kamili hata gari likiwa tupu. Unarudi kutoka Morogoro, umeuza mzigo, bodi haina kitu, mvua imeanza. Unakanyaga breki kwa ghafla. Magurudumu ya nyuma yanajifunga kabla ya yale ya mbele, na tairi lililojifunga halina tena nguvu ya kushika njia upande kwa upande. Mkia unakuja mbele. Gurudumu la mbele likijifunga, gari huteleza kwenda moja kwa moja na bado una nafasi ya kuachia pedali kidogo ukapata usukani. La nyuma likitangulia, gari linageuka, na hakuna usukani wa kulirudisha kwa wakati.

Na mteremko wa Kitonga unaongeza jambo la joto. Breki za mbele zikifanya kazi peke yake kwenye mteremko mrefu, joto linapita kwenye pedi hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 kabla hayajachemka, lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango chake hushuka hadi kama nyuzi 140. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Kama hukumbuki lini ulibadilisha mafuta ya breki, badilisha wiki hii, kisha kila baada ya miaka 2. Shuka kwa gia ambayo ungepandia mteremko huohuo ukiwa na mzigo, au ndogo zaidi, na usiweke nyutro hata kama wenzako wanasema inaokoa mafuta.

Basi ufanye nini? Njia ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni kurudisha springi za nyuma kuwa kama zilivyotoka kiwandani, kisha kupakia kwa kiwango cha gari. Springi za mwaka 2009 ambazo zimekuwa zikibeba nyanya kwenye njia za shamba zimelala. Gari likiwa tupu, pima kutoka katikati ya kofia ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Ukikuta pande zinatofautiana, au majani yamekuwa karibu bapa bila mzigo, umepata jibu. Seti mpya yenye kiwango cha Hilux yako itanyanyua mkia bila kuidanganya vali, kwa sababu inairudisha kwenye vipimo ilivyotengenezewa. Makreti yatapungua, ni kweli. Utafanya safari mbili, au mtachangia na jirani kukodi Canter nzima. Piga hesabu hiyo kwa uaminifu: gharama ya kukodi, mkabala na pedi, sili, beringi, tairi na siku ambazo gari limelala gereji wakati nyanya zinaiva.

Njia ya pili ni jani moja la nyongeza lililotengenezwa kwa ajili ya Hilux, lenye unene unaokaribiana na majani yako. Inafaa kwa mtu anayebeba mzigo ulio ndani ya kiwango karibu kila siku na anataka gari lisichoke mapema. Hata hapa mkia utapanda kidogo, na vali lazima ipimwe upya. Njia ya tatu, mifuko ya hewa inayowekwa kati ya chesisi na ekseli, sikushauri kwa mzigo wako. Inasukuma chesisi mahali pamoja, pale katikati, ambapo haikutengenezwa kubebea uzito huo, na chesisi nyingi za pikapu zimepinda kwa sababu hiyo.

Ukiamua kubadilisha springi nyumbani, haya ndiyo ya kuzingatia. Fanyia kazi kwenye sakafu ngumu, zuia magurudumu ya mbele, nyanyua kwa jeki na uweke chesisi kwenye stendi imara. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Ekseli ishikiliwe na jeki ya pili uweze kuipandisha na kuishusha taratibu. Chunga bomba la mpira la breki lisining'inie na kuvutika ekseli inaposhuka. Yu-bolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika na nyuzi zake hazitabana tena inavyotakiwa. Sentabolti, ile bolti ya katikati inayoshika majani pamoja, iingie sawasawa kwenye tundu lake la ekseli, la sivyo ekseli itakaa upande na gari litatembea kama kaa. Bolti za bushi na shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi) zishike tu kwanza. Zikaze gari likiwa limeshushwa na kukaa kwa uzito wake, maana ukizikaza likiwa hewani mpira wa bushi utabaki umesokotwa na utachanika mapema. Yu-bolti kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiwango cha kitabu cha gari. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, zikague tena, na tena baada ya kilomita kama 500. Zikilegea, majani yanacheza na sentabolti inakatika.

Ukiwa huko chini, kagua vali yenyewe. Tope na kutu huufanya mkono ugande, na vali iliyoganda haina tofauti na iliyofungwa waya. Mkono unapaswa kuchezeka ukiusukuma. Kama kuna unyevu wa mafuta ya breki kwenye mpira wake, vali inavuja na ibadilishwe. Na unapotoa upepo kwenye breki za nyuma, stendi ziwe chini ya ekseli, siyo chini ya chesisi. Ekseli ikining'inia, vali inadhani gari ni tupu kabisa, inabana njia, na utapampu pedali bila mafuta kupita vizuri. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu baadhi ya breki shuu zimetengenezwa kwa asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu.

Tairi nazo zitazame ubavuni. Baada ya saizi kuna namba ya uzito: 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120. Wengi wamebadilisha tairi za mzigo wakaweka za kupendeza, bila kujua wamepunguza mamia ya kilo kwenye ekseli.

Kuna kipimo kimoja unachoweza kufanya baada ya safari. Simama mahali salama baada ya mteremko, na kwa kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza kama bastola, linganisha joto la disiki za mbele na dramu za nyuma. Mbele kuwa na joto zaidi ni kawaida. Lakini ukikuta za mbele zinaunguza na za nyuma ziko karibu baridi gari likiwa limejaa, breki za nyuma hazifanyi kazi yake. Usimwagie disiki maji ili zipoe. Zitapinda au kupasuka.

Kurekebisha vali ndiyo kazi ambayo nataka uipeleke kwa mtu. Namna sahihi ni kuweka uzito maalumu juu ya ekseli ya nyuma, kufunga geji za presha kwenye breki za mbele na za nyuma, kukanyaga pedali hadi kiwango cha kitabu, kulinganisha namba mbili hizo, kisha kurefusha au kufupisha kiungo cha fimbo. Kwa macho na makisio haiwezekani. Tafuta gereji yenye geji hizo, miji mikubwa kama Iringa au Morogoro ndiko pa kuanzia kuulizia, na swali la kuuliza kwa simu kabla hujaenda ni hili: "Mnazo geji za kupimia presha ya breki mbele na nyuma?" Wakikwambia wanarekebisha kwa kujaribu barabarani, endelea kutafuta. Nenda pia kwa fundi mara moja, bila mzigo, ukiona pedali inazama polepole ukiikanyaga gari limesimama, gurudumu la nyuma limelowa kwa ndani, gari linavuta upande mmoja ukifunga breki, au ule mstari wa kutu kwenye chesisi.

Kwa mzigo wa wiki hii, kabla hujanunua chochote: mwambie fundi aache fimbo ilivyo, pakia makreti yasiyozidi kiwango cha kibati baada ya kutoa uzito wenu, mazito yakae mbele ya bodi karibu na kabati, na vijana wakitaka kupanda juu ya mzigo wakatalie.